Tupeane uzoefu: ni nini kilikupata ulipokuwa unabadilisha jiwe la grenda?

FundiGrili_Tabata
Wakuu, jana jioni kijana ninayemfundisha kazi aliniomba spana ya grenda (mashine ya umeme ya mkononi inayozungusha jiwe, yaani diski ya kukatia au kusugulia chuma), nikampa huku macho yangu yakiwa kwenye geti nililokuwa nalichomelea. Nilipogeuka nilimkuta ameipakata mashine mapajani, kidole gumba kimebonyeza kitufe cha kufungia shafti inayozungusha jiwe, spana imeshaingia kwenye matundu ya nati inayolibana, na plagi bado imechomekwa kwenye ekstensheni. Swichi yake ni ile ya kusukuma mbele, na mkunjo wa shati lake ulikuwa umeilalia. Sikupiga kelele, kwa sababu mtu akishtuka katika hali ile ndipo mkono unapokwenda pasipotakiwa. Nilitembea hadi ukutani, nikachomoa plagi, kisha ndipo nikamwita kwa jina lake. Usiku nilikosa usingizi, kwa kuwa nilikumbuka kwamba ndivyo nilivyofundishwa mimi, na ndivyo nilivyofanya kwa miaka mingi bila kudhurika. Naomba kila aliyepatwa na jambo wakati wa kubadilisha jiwe aeleze bila kuficha, ili nimsomee huyu kijana.

BintiAlumini
Pole kwa mshtuko, fundi. Kwetu kwenye madirisha ya alumini ni hivyo hivyo, tena sisi hubadilisha jiwe mara nyingi kwa siku.

Kamukunji_JuaKali
Umenigusa mahali penye kidonda, ndugu yangu. Nilikuwa nakata mabomba ya mraba ya fremu za vitanda, na stima ikapotea saa nane mchana. Mashine ilinyamaza ikiwa mikononi mwangu, nami nikaiweka juu ya meza bila kurudisha swichi nyuma, kwa maana swichi ya aina ile ukishaisukuma inajishikilia yenyewe, na mashine isiyo na stima haina sauti ya kukukumbusha chochote. Tulikunywa chai. Muda ulipopita nikaona jiwe langu limelika hadi kukaribia nati, nikajiambia kwamba nitumie nafasi hiyo kulibadilisha badala ya kukaa bure. Nilifungua nati, nikatoa jiwe la zamani, nikaweka jipya, nikazungusha nati kwa vidole mpaka ikagoma, kisha nikaingiza spana kwa ajili ya kukaza kwa mara ya mwisho, huku kidole kikiwa juu ya kitufe. Hapo ndipo stima iliporudi.

Nilichosikia kwanza ni mlio wa chuma kuvunjika ndani ya mashine, nayo ilikuwa pini ya kufungia shafti. Spana ilizunguka ikapiga kiganja changu cha kushoto, ikaruka, ikatoboa bati la ukuta wa jirani. Grinda ilinitoka magotini ikaanguka chini, ikawa inajizungusha katika mchanga kama kuku aliyechinjwa, jiwe likavunjika vipande vitatu, na watu wote wakakimbia isipokuwa mzee mmoja mtengeneza masufuria ambaye alifuata waya mpaka kwenye soketi akaung'oa. Mifupa miwili ya kiganja ilivunjika. Nilikaa wiki saba bila kushika kazi, na hadi leo kukiwa na baridi ya Julai kidole cha pete hakikunji vizuri. Watu huniambia kwamba nilikuwa na bahati mbaya ya stima kurudi wakati ule. Mimi nasema kwamba stima ilirudi kama inavyorudi siku zote, na plagi ilikuwa hatua nne kutoka nilipoketi.

BintiAlumini
Pole sana, kaka. Nimesoma hadi kiganja changu kimesisimka.

KaziNaMaisha
Nawaheshimu wote, lakini tusiogopeshe vijana. Mashine yenye swichi nzuri ukiizima imezimika. Nina miaka 15 katika kazi hii, na kama ningechomoa plagi kila ninapobadilisha jiwe nisingemaliza hata geti moja kwa siku.

MwalimuKarakana
Ndugu KaziNaMaisha, nilipimia wanafunzi wangu kwa saa ya ukutani. Kuchomoa plagi na kuirudisha kulichukua muda mfupi kuliko kukunja mkono wa shati. Aidha, swichi huingia vumbi la chuma, na vumbi hilo ndilo linaloifanya ikwame ikiwa imewaka ilhali wewe unaamini kwamba umeizima.

KaziNaMaisha
Mwalimu, darasani kuna soketi kando ya kila meza. Sisi wa saiti tunavuta ekstensheni kutoka ghorofa ya chini, na mwisho wake una mashine nne.

FundiGrili_Tabata
Hapo ndipo hatari inapoongezeka, mkuu. Soketi zikiwa nne na waya zote ni nyeusi, mwenzako anaweza kuchomoa ya kwake na kuchomeka ya kwako. Chomoa mwenyewe, kisha weka plagi mahali ambapo macho yako yanaiona.

Seremala_Keko
Mimi nitaeleza la jiwe lisilo jiwe, na naomba mnivumilie kwa urefu wake. Nilikuwa na haraka ya kutoa oda ya makabati, na msumeno wangu wa mviringo uliungua mota. Kijana mmoja akaniambia kwamba blade ya mbao yenye meno inaingia kwenye grenda, kwa sababu tundu lake linalingana. Ni kweli lilikuwa linalingana. Kikwazo kilikuwa kava, ile kinga inayofunika jiwe, kwa kuwa blade ilikuwa pana kuliko ile nafasi, hivyo tukafungua kava tukaliweka pembeni. Nilichomoa plagi kabla ya kubadilisha, nikakaza nati vizuri, nikaizungusha kwa mkono kuhakikisha kwamba haigusi popote. Nataka muelewe kwamba kwa upande wa kubadilisha nilifanya kila kitu ambacho mwalimu angetaka.

Nilikata ubao wa kwanza bila shida. Kwenye wa pili, jino moja lilishika fundo la mbao, na mashine ikarudi nyuma kwa nguvu ambayo hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuizuia. Ilipanda juu ya ubao, ikashuka kwenye paja langu la kulia. Suruali haikuchanika sana, na kwa sekunde kadhaa nilidhani nimekoswa, mpaka nilipoona maranda yaliyokuwa chini yanabadilika rangi. Yule kijana alivua shati akalikaza juu ya jeraha, wakanipakia kwenye bajaji. Daktari alisema kwamba mshipa mkubwa ulikuwa karibu sana na mahali blade iliposimama. Nilishonwa nyuzi 31.

Kamukunji_JuaKali
Mungu ashukuriwe. Je, unatembea vizuri sasa?

BintiAlumini
Huyo kijana aliyevua shati yuko wapi? Anastahili kupewa karakana.

Seremala_Keko
Natembea vizuri, ila ngazi huniumiza. Kijana bado ninaye, na leo ndiye anayeshika funguo za karakana yangu.

MwalimuKarakana
Kisa cha seremala kinaonyesha kwamba kubadilisha kwa usalama hakuishii kwenye plagi, kwani unaweza kubadilisha kwa utaratibu mzuri kabisa kitu ambacho hakikupaswa kuwekwa. Tundu la milimita 22 na kidogo linapatikana kwenye mawe ya inchi nne na nusu, tano, saba na hata tisa, kwa hiyo kuingia kwa tundu si ushahidi wa lolote. Kinachotakiwa kusomwa ni mizunguko kwa dakika. Grenda ndogo ya milimita 115 huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika, na jiwe lake huandikwa kwamba linahimili hadi 13,300. Jiwe la inchi saba huandikwa takriban 8,500. Anayefungua kava na kuweka jiwe la inchi saba kwenye mashine ndogo analizungusha kupita uwezo wake kabla hata halijagusa chuma.

KaziNaMaisha
Hili la inchi saba nakubali, nimewahi kuliona likipasuka. Kipande kilibaki kwenye mlango wa mbao.

Mstaafu_Gerezani
Wanangu, someni pia ile ringi ya chuma iliyo katikati ya jiwe. Imepigwa mwezi na mwaka, na maana yake ni kwamba baada ya tarehe hiyo jiwe lisitumike, kwa sababu gundi inayoshika chembe huchoka, na huchoka haraka zaidi likiwekwa penye unyevu. Mawe haya hupewa miaka 3 tangu yatengenezwe. Mimi niliweka dazeni mbili chini ya kitanda wakati wa masika, nikaja kuzitumia baadaye, na la kwanza lilimeguka nilipoligusisha tu kwenye nondo.

BintiAlumini
Shikamoo, mzee. Nimekwenda kuangalia sasa hivi. Kati ya mawe tisa yaliyo kwenye boksi langu, manne muda wake umepita. Je, naweza kuyamalizia kwa kazi ndogondogo?

Mstaafu_Gerezani
Marahaba, binti yangu. Yavunje uyatupe, usimpe mtu.

Msakafu_Leicester
Mimi niko Uingereza, naweka sakafu za mbao, na natumia zaidi ile mashine ambayo blade yake haizunguki bali inacheza kushoto na kulia, tunayokatia chini ya fremu za milango. Watu huidharau kwa sababu blade inacheza digrii chache tu, lakini inacheza hadi mara 20,000 kwa dakika, na chuma hupata moto wa kuunguza. Niliwahi kufyatua klipu inayoshika blade mara baada ya kukata msumari uliofichwa, nikaidaka blade kwa kiganja isianguke kwenye sakafu ya mteja, na alama ya meno yake nilikuwa nayo kwa mwezi mzima. Siku hizi natoa betri kwanza, naielekeza blade chini juu ya kipande cha boksi, nafyatua, naiacha idondoke yenyewe. Kwa zile zinazofungwa kwa kispana chenye umbo la L, hakikisheni kwamba vijino vya mashine vimeingia kwenye matundu ya blade kabla ya kukaza, vinginevyo itateleza katikati ya kazi.

KaziNaMaisha
Nati ikigoma, mimi hugonga spana kwa nyundo. Inafunguka.

FundiGrili_Tabata
Inafunguka, na pini inapinda. Iache mashine ipoe kwanza, maana wakati mwingine nati hugoma kwa joto. Na kwa jiwe jembamba la kukatia, ule mwinuko wa nati uelekee nje, halafu kwa jiwe nene la kusugulia uelekee ndani. Ukikosea, jiwe jembamba halibanwi sawasawa, au nati inang'ang'ania.

Kamukunji_JuaKali
Nimalizie na ninachofanya tangu mkono upone. Spana nimeifunga kwa kamba kwenye waya, karibu na plagi. Plagi ikiwa kwenye soketi, spana haifiki kwenye mashine hata ukivuta. Lazima uchomoe kwanza ndipo uje nayo.

FundiGrili_Tabata
Hiki ndicho nilichokuwa natafuta. Kamba iwe na urefu gani?

Kamukunji_JuaKali
Shibiri moja. Tumia kamba ya viatu, waya wa chuma utachubua mpira wa kebo.

FundiGrili_Tabata
Kijana ameshaifunga, ninavyoandika hapa anaipima kwenye soketi.