Texas: kwa nini kaunti ni moja, wengine wanachagua seneta wa jimbo na wengine hawachagui?

Nyota_ya_Tarrant:
Wakuu, heshima kwenu. Hapa Kaunti ya Tarrant, Novemba 2024 kuna waliokuta nafasi ya seneta wa jimbo kwenye karatasi na kuna ambao hawakuiona kabisa. Mwaka uliofuata, baadhi ya waliokosa ndio wakaitwa, na Januari 2026 wakaitwa tena. Utaratibu ukoje? Na raia mpya ajiandae vipi? (Simsemi seneta wa Washington, namsema yule wa Austin, makao makuu ya jimbo.)

Kengele31:
Mkuu, Seneti ya Texas ina viti 31, muhula wa miaka minne, ila havigombewi vyote siku moja. Baada ya sensa mipaka huchorwa upya na viti vyote hugombewa pamoja, kama 2022. Bunge likifunguliwa Januari inayofuata, maseneta wanapiga bahati nasibu: nusu miaka miwili, nusu minne. Waliopata miwili walirudi kwa wapiga kura 2024 (viti 15), 16 waliobaki ni 2026. Kila kiti kina eneo lake lenye namba: eneo la 10 liliangukia 2024, la 9 likaangukia 2026, na yote yanaingia Tarrant.

Ya 2025 ni uchaguzi mdogo. Seneta Kelly Hancock aliacha kiti cha eneo la 9 akaenda kuongoza ofisi ya fedha ya jimbo. Uchaguzi mdogo hauna mchujo wa vyama (kura ya awali ambayo kila chama hupata mgombea wake): wagombea wote wako karatasi moja, na asipopatikana wa zaidi ya nusu, wawili wa juu wanarudiana. Novemba hakupatikana, marudio yakawa Januari 2026. Mshindi anamalizia muhula tu, kwa hiyo Novemba 2026 kiti kinagombewa tena.

Mzee_wa_Mchujo:
Kengele kasema kweli, ila msisubiri Novemba. Maeneo mengi yamechorwa hivi kwamba chama kimoja kina uhakika, kazi inaishia kwenye mchujo wa Machi. Texas huandikishwi chama. Unachagua siku hiyo hiyo uingie mchujo upi. Kosa la kawaida: mtu anapiga Machi upande huu, Mei anataka marudio ya mchujo ya upande ule. Hairuhusiwi. Ambaye hakupiga Machi kabisa ndiye anayeweza kuchagua marudio yoyote.

Na tangu 2020 hakuna tena alama moja ya kuchagua chama kizima. Wanaoishia juu kwenye rais au gavana wanamruka seneta bila kujua, wakati eneo moja la seneti lina watu kama 940,000, kubwa kuliko la mbunge wa Washington!

Bi_Karani:
Kwa raia mpya: jiandikishe angalau siku 30 kabla ya uchaguzi. Hakuna tovuti ya kujiandikisha, labda uwe unahuisha leseni ya udereva mtandaoni. Vinginevyo chapisha fomu, tia sahihi kwa kalamu, peleka kwa msajili wa kaunti.

Majina ndiyo yanayosumbua watu wetu. Cheti cha uraia kinasema hivi, leseni imegeuza la ukoo likawa la kwanza. Sawazisha mapema, usisubiri foleni. Kitambulisho kiwe na picha: leseni ya Texas, pasipoti ya Marekani, hata cheti cha uraia chenye picha. Kwa wa miaka 18 hadi 69 kisiwe kimekwisha muda zaidi ya miaka minne.

Wanaopiga kwa posta (kama waliofika 65) waandike namba ya leseni NA tarakimu nne za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii (Social Security), pale chini ya kifuniko cha bahasha. Ukiandika moja na kwenye daftari la wapiga kura iko ile nyingine, kura inaweza kukataliwa.

Nyota_ya_Tarrant:
Shukrani. Na bibi asiyesoma Kiingereza?

Bi_Karani:
Aingie na msaidizi amtakaye, hata mjukuu, ili mradi si mwajiri wake wala wakala wa mwajiri au wa chama chake cha wafanyakazi. Msaidizi anakula kiapo palepale kituoni. Amsomee karatasi yote. Kuchagua ni kwa bibi.