Naomba ushauri: alama nyekundu inayopanuka baada ya kung'atwa na kupe

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu anapenda sana matembezi ya mashambani, na anakoishi kuna kupe wanaobeba ugonjwa wa Lyme, maambukizi ya bakteria. Majuzi alimkuta mmoja nyuma ya goti, mdogo kama mbegu ya ufuta. Akamtoa kwa kibano, akimshika karibu kabisa na ngozi na kumvuta taratibu bila kumzungusha. Hakumpaka mafuta wala kumchoma, na hapo nampongeza, maana kupe akisumbuliwa hivyo anaweza kumwaga vijidudu kwenye jeraha.

Sasa pale pale pana wekundu unaopanuka kila siku. Hauwashi, hauumi. Anachoka na viungo vinamuuma. Alipima damu, majibu yakaja safi, akaambiwa aende nyumbani.

Hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Kipimo kile hutafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na vijidudu, nazo huchukua wiki kadhaa kujitokeza. Alama yenyewe huonekana kati ya siku 3 na 30 baada ya kung'atwa, na ikiwa ni ya Lyme kweli, daktari anaweza kuanza dawa bila kungoja kipimo. Tena ni mjamzito, kwa hiyo antibiotiki ya doksisiklini si ya kukimbilia; nafahamu amoksisilini hutumika badala yake.

Mliowahi kuugua, na wahudumu wa afya mliomo humu: atafute daktari mwingine leo hii, au arudi kwa yule yule na picha za alama za kila siku? Amweleze nini ili asikilizwe?