Chaji ya bila waya haikati, nataka fyueli geji ndo iamue

mvuvi_kidijitali
Habari zenu wakuu. Nimeunda kifaa cha GPS cha kufuatilia boti ya mjomba wangu pale Kunduchi, na nimeamua kuchaji bila waya sababu ya chumvi, matundu ya chaji matatu yameshaoza, ukichungulia ndani ni ukungu wa kijani tu pini huzioni. Sasa kila kitu kipo kwenye boksi la plastiki limezibwa na silikoni, koili ya Qi (mfumo wa kuchaji bila waya) ya kupokea iko chini inatoa volti 5, inaingia kwenye ile bodi ndogo ya TP4056 inayochaji betri, betri moja ya lithiamu ya 18650 ya mAh 2600, MAX17048, yaani fyueli geji, inapima asilimia ya chaji na ESP32, kompyuta ndogo ya kifaa, inasoma. Shida ni kwamba saa moja tu kwenye pedi boksi linakuwa la moto mpaka naogopa, na asubuhi nakuta taa bado nyekundu wakati geji imesema 100 tangu saa nane usiku. Nataka ikifika 80 chaji ikate yenyewe. Nikiweka relei kwenye waya wa koili itafaa? Natanguliza shukrani.

fundi_mbezi
Relei kwenye koili achana nayo mkuu. Kipokezi cha Qi kinaongea na pedi kupitia koili hiyohiyo, kinabadilisha mzigo kidogokidogo ili kuiambia ongeza nguvu au punguza, ukikata hapo pedi inajua kifaa kimeondoka, inaanza kutafuta upya, usiku kucha inawaka inazima. Kata kwenye TP4056, mguu wa 8 unaitwa CE, ndo unaoruhusu chaji, ukishushwa chini (yaani ukiungwa na hasi) chaji inasimama. Kwenye hizo bodi mguu huo umeungwa moja kwa moja na volti 5, kwa hiyo yeyusha risasi yake na uunyanyue kwa ncha ya sindano, taratibu sana maana unakatika kirahisi.

kassim_volti
Naongezea kwa nini taa haibadiliki, maana hili linaua betri za watu wengi. Hiyo bodi imepangwa ampia 1 na inamaliza chaji mkondo ukishuka hadi moja ya kumi, yaani mA 100. GPS na ESP32 zinanyonya betri ileile wakati inachajiwa, zikivuta zaidi ya hapo TP4056 inaona betri bado ina njaa, haikati kamwe. Haivuki volti 4.2, sawa, ila inaishikilia hapo usiku mzima ndani ya boksi la moto na joto la Dar unalijua. Halafu TP4056 inapunguza volti kwa kuzigeuza joto, toa 3.7 kwenye 5 zidisha kwa ampia 1, ni wati 1.3 na boksi halina hata tundu la kupumulia. Toa rezista ya 1.2k pale PROG, mguu unaopanga mkondo wa chaji, weka 2k, utapata kama mA 580, itachaji polepole lakini kwa usiku mzima inatosha. Na mguu wa 1, ule wa TEMP, kwenye bodi hizo umeungwa chini, kwa hiyo usidhani kuna kitu kinalinda joto la betri.

dada_saketi
Kaka zingatia CE inalala upande gani ESP32 ikiwa imekufa. Ukipanga kwamba ESP32 ndo iruhusu chaji, siku betri ikiisha kabisa hakuna wa kuruhusu, na boksi umeliziba. Weka rezista ya 100k kutoka volti 5 kwenda CE, halafu transista ya NPN iivute chini, kwenye besi 10k kutoka ESP32. Hapo ESP32 ikizima chaji inaendelea, na volti 4.2 bado inalindwa na TP4056 yenyewe, geji isiwe mlinzi wa usalama. Ikate 80 irudishe 70, ukiweka namba moja itakata na kurudi kila dakika.

mvuvi_kidijitali
Nimerudi wakuu. Bodi ya kwanza mguu wa 8 ulikatika kweli, ya pili nimefanikiwa, na joto limepungua sana na hiyo 2k. Ila inafika 80 inakata vizuri, ESP32 ikilala tu chaji inaanza tena!

dada_saketi
ESP32 ikiingia usingizi mzito pini inaachia, transista inazima, CE inapanda. Tumia pini ya RTC (zile zinazobaki hai ESP32 ikilala) kama GPIO 25 na uishikilie kwa amri ya gpio_hold_en kabla ya kulala. ALRT, mguu wa tahadhari wa MAX17048, nao uunge pini ya RTC yenye rezista ya kuvuta juu, washa tahadhari ya badiliko la asilimia 1, iwe inaiamsha ESP32.

mvuvi_kidijitali
Dada Mungu akubariki. Usiku wa pili leo, imekata 80, asubuhi nimesoma 76 na pedi haijaichaji tena, boksi nimelishika kwa kiganja ni la uvuguvugu tu. Jioni naziba silikoni upya, mjomba anatoka nayo alfajiri.