Rili ya spuli inayozunguka: nibadilishe nini ili chubwi liende mbali zaidi?

mshipi_mrefu

Habari zenu wakuu. Navua kutoka ufukweni kwa fimbo ya mita 3.9 na rili ya mviringo saizi ya 6500, ambayo spuli yake (ngoma inayobeba mshipi) inazunguka wakati wa kurusha, ile yenye kijimkono kinachotembea kushoto na kulia kupanga mshipi. Nimeweka nailoni ya milimita 0.35, mita 300, na chubwi (uzito wa mwisho wa mshipi) la gramu 150. Samaki ninaowataka wanapita nyuma ya mstari wa pili wa mawimbi, na chubwi langu linaanguka kabla ya hapo, pungufu ya mita ishirini hivi. Nikilegeza breki ili nifike, mshipi unakorogana kwenye spuli hadi naufumua kwa ncha ya ndoana. Nikikaza, chubwi linaanguka karibu.

Nasoma kwamba watu wanaweka beringi za seramiki, wanang'oa kile kijimkono, wanagundisha sumaku ndani. Yote yananivutia, ila sijui lipi linaleta mita na lipi ni urembo tu. Nianze na lipi? Na je, kuna ambalo nikishalifanya siwezi kulirudisha?

ngarawa

Seramiki mkuu, usipoteze muda. Osha grisi yote, funga beringi mpya. Spuli ikizunguka dakika nzima kwa kusukumwa na kidole, kazi imekwisha.

Fundi Spuli

mshipi_mrefu, naomba usinunue beringi kwanza. Kwa maelezo yako spuli ina uhuru wa kutosha tayari. Inachokosa ni breki inayoshika pale inapotakiwa na kuachia baada ya hapo. Ukiongeza uhuru juu ya hali hiyo, unaongeza mikorogano. Spuli inayozunguka dakika nzima mezani inapendeza kuitazama, lakini mezani hakuna mshipi unaotoka.

Piga hesabu kidogo. Chubwi likitoka kwa kasi ya mita 40 kwa sekunde, na spuli iliyojaa ina kipenyo cha milimita 40, spuli inazunguka zaidi ya mara 300 kwa sekunde. Hiyo ni karibu mizunguko 19,000 kwa dakika, na inaifikia kabla hujapepesa jicho. Kuanzia hapo hewa inalipunguza chubwi kasi, ila spuli haina habari, inaendelea na mwendo iliopewa. Mshipi unaomwagwa unazidi ule unaovutwa. Ziada inainuka juu ya spuli kama manyoya ya kuku aliyekasirika, kisha mzunguko unaofuata unaikanyaga. Hatari kubwa iko hapo mwanzoni, mara tu baada ya kuachia. Ukivuka hapo salama, safari iliyobaki unataka spuli isishikwe na kitu.

Kwa hiyo fuata utaratibu huu, na baada ya kila hatua nenda karushe kabla hujaingia inayofuata. Ukibadilisha vitu vinne kwa siku moja hutajua ni kipi kimekusaidia.

Anza na nati ya pembeni, ile inayobana shafti ya spuli. Wengi wanaitumia kama breki, na hapo ndipo mita nyingi zinapopotea, maana inabana kwa nguvu ileile tangu mwanzo wa mrusho hadi mwisho. Ilegeze mpaka ukiisukuma spuli kwa kidole kwenda upande uhisi imecheza kidogo sana, mchezo unaousikia kidoleni kuliko kuuona. Iache hapo, usiiguse tena.

Pili ni mshipi, na hapa ndipo ningekuwa wewe ningetumia nguvu zangu zote. Mita 300 za nailoni ya 0.35 zina uzito wa gramu 33 hivi, na ziko pembezoni mwa spuli, mahali ambapo uzito unasumbua kuliko popote wakati wa kuianzisha na wakati wa kuizuia. Mita 300 za 0.30 ni gramu 24. Umepunguza zaidi kidogo ya robo ya mzigo bila kufungua skrubu hata moja, na mshipi mwembamba unapambana kidogo na upepo ukiwa angani. Jaza hadi zibaki milimita mbili au tatu kufika ukingoni. Usijaze pungufu sana, maana spuli yenye kipenyo kidogo inalazimika kuzunguka haraka zaidi kutoa mshipi uleule.

Lakini 0.30 haitastahimili mshtuko wa gramu 150. Hukutaja kama unafunga kipande cha mshipi mnene mbele. Kama hufungi, simama hapo hapo. Kanuni wanayoitumia warushaji ni uzito wa kukatika unaofika mara 160 ya uzito wa chubwi, kwa hiyo kwako ni kilo 24. Urefu wake uwe kiasi kwamba chubwi likining'inia tayari kurushwa, bado kuna mizunguko sita au zaidi ya mshipi mnene ndani ya spuli. Chubwi lililokatika linaruka kama risasi ya bunduki na halichagui linayempata. Fundo la kuunganisha lilaze ukingoni mwa spuli, upande ambao dole gumba halikai, la sivyo litakuchana ngozi.

Tatu, beringi ulizonazo. Mara nyingi zinakuja na mafuta mazito au grisi, kwa sababu mtengenezaji anataka zisipate kutu zikikaa dukani. Toa klipu nyembamba inayoshika kifuniko cha beringi kwa sindano, ukiwa umefunika kwa kidole, kwa kuwa inaruka na haionekani tena. Tumbukiza beringi kwenye petroli au asetoni ndani ya kichupa cha kioo, tikisa, mwaga, rudia mpaka kimiminika kibaki safi. Fanyia kazi hiyo penye hewa, mbali na moto, na asetoni isiguse sehemu za plastiki. Zikikauka, zizungushe kwenye ncha ya kijiti cha meno. Beringi nzima inazunguka kwa sauti moja nyororo. Ikikwaruza au kusita mahali palepale kila mzunguko, imeliwa na kutu, ibadilishe. Halafu tone moja la mafuta mepesi kila moja. Tone moja kweli. Usizirushe kavu, chuma kinasaga chuma.

Na mafuta yenyewe ni breki. Ukiona spuli ina wazimu, tumia mafuta mazito kidogo kwenye beringi zote mbili, itatulia. Watu wanaorusha kwa mashindano wanabadilisha mafuta kulingana na upepo wa siku hiyo.

Seramiki zije baadaye kabisa. Ujue pia kwamba kwa kawaida ni gololi tu ndizo za seramiki, pete za ndani na nje bado ni chuma na maji ya chumvi yanazila vilevile.

ngarawa

Nimekuelewa fundi, hesabu hiyo ya uzito wa mshipi sikuwahi kuifikiria. Ila mimi breki ya sumaku siitaki. Vile vipande viwili vya plastiki vilivyokuja na rili, vinavyosugua kwa ndani, vinanitosha.

Fundi Spuli

Una hoja nzuri. Vile vipande vinatupwa nje na mzunguko, na nguvu yake inakwenda kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa mara mbili, msuguano ni mara nne. Maana yake vinashika sana mwanzoni na kupotea chubwi likishapungua mwendo, na hivyo ndivyo tunavyotaka. Sumaku inaongezeka sawa na kasi tu, mara mbili kwa mara mbili, kwa hiyo bado inavuta kidogo hata katikati ya safari.

Sifa ya sumaku iko kwingine. Haigusani na kitu, haibadiliki ikilowa, na ukiifungia kirungu cha nje unairekebisha ukiwa umesimama majini. Vipande vya plastiki, kwenye rili nyingi za aina hii, lazima ufungue rili ubadilishe vikubwa kwa vidogo, na mchanga uko pale unakusubiri. Kwa mtu ambaye bado anatafuta kipimo chake, kama mshipi_mrefu, mimi napendelea sumaku. Mwenye dole gumba lililofundishika abaki na vipande vyake.

mama_wimbi

Niongeze kuhusu kile kijimkono cha kupanga mshipi, maana wengi wanakimbilia kukitoa. Kwanza bonyeza klachi inayoiachia spuli, izungushe spuli kwa kidole na utazame. Kama kijimkono kinatembea spuli ikizunguka, kinakula nguvu kila mrusho na kukitoa kutakupa mita. Kama kinasimama, hasara yake ni ndogo: mshipi unasugua kwenye tundu, hasa kikiwa kimesimama pembeni kabisa, na fundo la mshipi mnene linapiga pale likipita. Hasara hiyo unaipunguza kwa kufunga fundo jembamba na kukirudisha kijimkono katikati kabla ya kurusha.

Mimi nimekitoa kwenye rili ya mchana. Ya usiku nimekiacha. Gizani, samaki mzito yuko upande wa pili, mikono imeganda kwa maji, unatakiwa kulaza mshipi kwa dole gumba kushoto kulia, kushoto kulia, bila kuona. Ukilundika katikati, kilima kile kinabomoka kwenye mrusho unaofuata. Ukitaka kukitoa, jifunze kwanza kulaza mshipi nyumbani ukiwa umefumba macho.

mshipi_mrefu

Asanteni sana, nimejifunza mengi. Kijimkono changu kinatembea spuli ikizunguka, nimekiangalia sasa hivi. Na kipande cha mshipi mnene ninacho, ila ni cha kilo 15, nitakibadilisha kabla sijarusha tena.

Mawili yamebaki. Nimejaribu kugusisha sumaku kwenye spuli, haishiki kabisa. Sasa itafungaje breki? Na nikitoa kijimkono, fremu si itabaki na matundu?

Fundi Spuli

Sumaku kutoshika ni dalili njema, huenda spuli yako ni alumini. Sumaku haivuti alumini, lakini alumini ikipita mbele yake kwa kasi, ndani ya chuma hicho inazuka mikondo ya umeme inayopinga mwendo uleule. Jaribu: zungusha spuli tupu, kisha sogeza sumaku karibu na ukingo wake bila kugusa. Utaiona inapungua kama imeshikwa na mkono.

Kuiweka ndani: tumia kifuniko cha pembeni kisicho na mpini. Usikisie nafasi iliyopo. Bandika kidonge cha plastisini (udongo laini wa kuchezea) ndani ya kifuniko, funga rili taratibu, fungua, pima unene uliobaki. Hapo unajua sumaku yako inaweza kuwa nene kiasi gani ikabakiza milimita mbili mbele ya spuli. Usigundishe sumaku zenyewe. Gundisha kibati chembamba cha chuma kwa gundi ya epoksi, kisha sumaku zikae juu ya kibati kwa nguvu zake. Kibati kinaongeza makali ya sumaku upande wa spuli, na wewe unaongeza au kupunguza sumaku bila kubandua gundi. Nunua zile za neodimiamu, duara za milimita 10, anza na nne, moja imetazama kaskazini na jirani yake kusini. Zikipishana hivyo zinashika zaidi kuliko zikitazama upande mmoja. Usizipashe moto kwa namna yoyote, za kawaida zinaanza kupoteza nguvu kwenye nyuzi 80 hivi. Ukishaziweka, toa vile vipande vya plastiki uvihifadhi, ili upime breki moja kwa wakati.

Matundu ya kijimkono yatabaki, ndiyo. Kuna vyuma vya kuziba vinavyouzwa kwa rili za mviringo zinazojulikana, zikiwemo Ambassadeur za Abu, na hizo zina matoleo yaliyotoka kiwandani bila kijimkono, kwa hiyo vipuri vyake havina shida kupatikana. Kama yako haina, kifimbo cha alumini kilichokatwa sawasawa kinatosha, mradi fremu isipinde na mchanga usiingie. Kijimkono, shafti yake yenye mifereji, kile kijino kidogo na klipu zake viweke pamoja kwenye mfuko ulioandikwa. Kwa namna hiyo kila kitu kinarudi. Kisichorudi ni kutoboa spuli ili iwe nyepesi, na hilo sikushauri kwa mtu anayerusha gramu 150.

Ukimaliza, nenda uwanja mtupu, chubwi bila ndoana, hakuna mtu mbele wala pembeni. Anza na sumaku nne na urushe nusu ya nguvu. Tazama spuli. Ikibaki laini kabisa, toa moja. Ukifika pale ambapo mshipi unainuka kidogo mwanzoni kisha unalala wenyewe, umefika. Upepo ukikupiga usoni rudisha moja. Chubwi likigusa chini, dole gumba liwe tayari juu ya spuli, hakuna breki itakayokufanyia hilo.

Na ukirudi ufukweni, usiilaze rili mchangani hata kidogo. Kwenye mchanga mweusi kuna chembe za chuma, sumaku zinazikusanya mpaka zinaanza kukwaruza ukingo wa spuli. Zikiingia, zitoe kwa utepe wa gundi, usizipulize.