Ushauri: hadithi za kale zilizochanganywa zikawa za kutisha, ninunue kipi?

Mwl_Shangani: Wakuu habari za jioni. Niko Mtwara mjini, nina elfu hamsini ya kitabu kimoja tu. Nataka zile ngano za Ulaya zilizofumwa pamoja zikageuzwa za kutisha. Nimebaki na vitatu: Into the Woods (tamthilia ya Sondheim na Lapine), The Bloody Chamber cha Angela Carter na Cinder cha Marissa Meyer. Ndugu yangu anatoka Dar Ijumaa na basi. Kipi?

KoroshoGhafi: Cha nani? Chako au cha watoto? Hujasema.

Binti_Newala: Na umri pia. Carter wa 1979 ana mambo ya chumbani na damu. Halafu mwalimu, yule hachanganyi, kila hadithi imesimama peke yake. Into the Woods ndiyo mchanganyiko hasa: Cinderella, Rapunzel, Jack na mharage wake, binti wa kofia nyekundu, wote msitu mmoja.

Mlindi_Halisi: Filamu yake ya 2014 wameitia sukari. Jukwaani Rapunzel anakufa kwa jitu, kwenye filamu anaondoka zake na mwanamfalme. Chukua Cinder, humo Cinderella ni fundi mitambo mwenye mguu wa chuma! Vitabu vinavyofuata vinawaleta kina Rapunzel na Snow White.

KoroshoGhafi: Hicho kinatisha nini? Na akishanunua cha kwanza, vinavyofuata utamlipia wewe?

Mwl_Shangani: Samahani wadau. Ni cha vijana wangu wa kidato cha tatu. Tutakiigiza pia.

Mama_Masasi: Kuigiza? Subiri kwanza, mwalimu. Mwaka juzi tulileta hiyo hiyo Into the Woods, mtu akatutafutia toleo la shule. Sikulisoma lote, kosa langu. Kijana mmoja akajifunza ngongoti wiki sita ili awe jitu la sehemu ya pili, kaanguka mpaka magoti yamechubuka. Kumbe toleo la shule linaishia sehemu ya kwanza! Watu wanaoana, kwisha. Jitu la pili halimo. Mtoto akalia. Siku ya onyesho, wazazi wamekaa, Cinderella anainama kuaga, huyo anaingia na ngongoti zake bila kuitwa. Ukumbi ulilipuka. Cinderella hanisemeshi mpaka leo.

Binti_Newala: 😂😂 Dogo kaokoa jahazi.

Mlindi_Halisi: Mnahangaika na matoleo mapya, wakati ndugu Grimm wenyewe, wale Wajerumani waliokusanya ngano hizi, toleo lao la 1812 linatosha. Anayetaka Snow White auawe ni mama yake mzazi. Mama wa kambo aliingizwa toleo la 1819.

Mama_Masasi: Ndiyo wakatubebesha sisi! Nalea wawili wa mume wangu, sijampa mtu tufaha la sumu.

KoroshoGhafi: Bibi alitusimulia zimwi lililomtia binti ndani ya ngoma likawa linamwimbisha kijiji kwa kijiji. Nilikojoa kitandani. Hatukununua kitabu.

Binti_Newala: Ya bibi yako ilikuwa na nyoka mwishoni? Ya kwetu nyuki.

KoroshoGhafi: Nyuki wapi, siafu!

Mwl_Shangani: Wakuu, leo Ijumaa. Ndugu kashapanda basi, simu haipatikani. Sijui kabeba nini.

Mama_Masasi: Kama ni la shule, ngongoti ninazo. Njoo uchukue.