Kuzungusha diski za nakala nje ya ofisi

Mhasibu wa Westlands: Habari zenu wakuu. Seva yetu ya Linux ina diski mbili zinazoakisiana (kila moja ina data ileile) kwa mdadm, programu ya Linux ya kuunganisha diski. Ningependa kila Ijumaa niitoe moja, niipeleke Rongai, kisha Jumatatu nirudishe ile iliyokuwa huko. Je, ni salama?

Fundi wa Ngara: Ndugu, ukitoa moja kati ya mbili, seva itategemea diski moja hadi usawazishaji (kunakili data kwenye diski inayorudi) ukamilike, na ni wakati huohuo ambapo diski hiyo husomwa mwanzo hadi mwisho, hivyo sekta mbovu (kipande cha diski kisichosomeka) iliyojificha hujitokeza ukiwa huna nakala nyingine ndani ya seva. Ongeza diski ya tatu, mbili zisitoke kamwe. Washa pia ramani ya biti inayokumbuka sehemu zilizobadilika, ili amri ya --re-add, ya kurudisha diski, inakili hizo pekee. Kabla ya amri za --fail na --remove, za kuitoa diski, simamisha hifadhidata. Kuing'oa diski hivi hivi ni sawa na umeme kukatika, jambo ambalo hapa Nairobi hatuhitaji kuelezwa.

Dada wa Seva: Hata hivyo, faili ikifutwa kimakosa hufutika papo hapo kwenye diski zote zilizo ndani ya seva. Ningeacha kioo (diski zinazoakisiana) kibaki kioo, nikanunua diski mbili za nje zilizosimbwa kwa LUKS, mfumo wa Linux wa kufunga data kwa nenosiri (matatu za Rongai si kabati la chuma), nikanakili kwa rsync, programu ya kunakili faili, na kuzipokezanisha, bila kuziweka zote mbili ofisini kwa wakati mmoja.

Mhasibu wa Westlands: Nashukuru, dada. Nitaomba bajeti ya hizo mbili.