Kibodi ya mekanika inalia "tiiing" mpaka kwenye rekodi. Nianzie wapi?

Dada_Ilazo:

Wakuu, habari za jioni. Nipo Ilazo, Dodoma. Narekodi masomo ya Excel kwa Kiswahili, na wanafunzi wangu wengi ni wahasibu wa vikundi vya kuweka na kukopa. Naandika huku naongea, maikrofoni ipo mezani pembeni ya kibodi.

Kibodi yenyewe ni ya mekanika, kasha la alumini, vitufe 84, na chini ya kila kitufe kuna swichi yake nyekundu, zile za kuchomoa. Kuandika nayo ni raha na vidole havichoki. Shida ni mlio. Sizungumzii ule "tok" wa kitufe kugonga chini, huo hauniudhi. Ni mlio mwembamba wa chuma unaobaki hewani baada ya kidole kuondoka, hasa kwenye A, S, E na Bekispesi. Kwenye spika za masikioni unasikika kuliko ninavyousikia mimi hapa chumbani. Nikiuondoa kwa programu ya kusafisha sauti, na sauti yangu inaharibika, herufi S na T zinamezwa.

Sitaki kununua nyingine. Mafundi niliowauliza wanajua simu na kompyuta mpakato, aina hii hawajawahi kuifungua. Mwenye uzoefu anisaidie. Natanguliza shukrani.

Mpigachapa_Majengo:

Dada, mimi niliweka taulo nene chini ya kibodi, kelele zikapungua sana. Pia kuna vile vipete vya raba vinavaa ndani ya kofia za vitufe. Ni rahisi, anza na hivyo.

Fundi_Nkuhungu:

Dada Ilazo, pole na kazi. Natengeneza vifaa vya umeme hapa Nkuhungu na kibodi hizi nazipenda kwelikweli, kwa hiyo nitaandika kwa urefu kidogo.

Taulo la ndugu yangu wa Majengo linasaidia, ila linatibu kitu kingine. Linazuia mtikisiko usiingie mezani, na kwa kuwa maikrofoni yako ipo juu ya meza hiyohiyo, liweke hata leo. Vipete vya raba navyo vinalainisha kitufe kinapofika chini. Wewe umesema mlio unakuja kidole kikishaondoka, na hapo raba haina kazi.

Ndani ya kila swichi nyekundu kuna kitako, kifuniko, kijiti cha kati, ulimi mdogo wa shaba na springi. Kijiti kinashuka milimita 4. Ukiachia, springi inakirusha juu, kinagonga kifuniko, na springi inabaki inatetemeka peke yake, mizunguko yake ikisuguana na ncha zikikwaruza plastiki. Huo ndio "tiiing" unaousikia. Sahani ya chuma iliyoshika swichi na kasha la alumini lenye uwazi ndani vinaupokea na kuukuza. Swichi za bluu zina mlio wao wa makusudi unaoficha mengi. Nyekundu hazina, ndiyo maana kasoro ya springi inasikika wazi.

Ila usinunue chochote kabla hujajua ni nini hasa kinacholia. Chomoa swichi ya A, chomoa na nyingine ambayo iko kimya, tuseme L, uzibadilishane. Zivute wima kwa kile kibanio kilichokuja na kibodi. Unapozirudisha hakikisha pini zimenyooka, maana pini ikikunjika kitufe hakifanyi kazi. Kisha bonyeza na uachie ghafla, sikio karibu. Mlio ukihamia kwenye L, ni swichi. Ukibaki pale A, ni sahani au kasha. Rudia kwa kila kitufe kinacholia.

Halafu piga kasha kwa kifundo cha kidole bila kugusa kitufe. Likivuma kama sufuria tupu, nalo lina mchango wake.

Bekispesi iweke kando. Kitufe kirefu kama hicho, sawa na Enta, Shifti na ile ya nafasi, kina waya wa chuma chini yake wa kukisawazisha kisiende upande. Waya ukicheza kwenye mashimo yake unatoa mcharazo wa chuma ambao watu wengi wanadhani ni springi.

Fanya hayo kwanza, ulete majibu.

Kijana_UDOM:

Fundi, nauliza kwa faida ya wote. Ikionekana ni springi, si mtu aweke mafuta ya cherehani tu? Yapo kila duka, bei ya kawaida. Au mafuta mepesi ya kujipaka?

Fundi_Nkuhungu:

Mdogo wangu, swali zuri. Mafuta ya kujipaka hapana, na ya kupikia hapana kabisa, hayo yanaganda na kunata. Ya cherehani yatanyamazisha springi kwa muda, kweli. Lakini ni mepesi na yanatambaa, leo yapo kwenye springi, baadaye yapo kwenye ulimi wa shaba na kwenye bodi ya saketi. Baadhi ya vifuniko vya swichi, vile vinavyopitisha mwanga, ni vya polikaboneti, na plastiki hiyo ikikutana na baadhi ya mafuta yatokanayo na mafuta ghafi huku imebanwa inaweza kupata nyufa. Na hapa kwetu Dodoma lazima ufikirie vumbi. Upepo wa Julai na Agosti unaingiza mchanga hata dirisha likiwa limefungwa, na mafuta yaliyotambaa ndiyo yanayoushika. Baada ya hapo kitufe kinakwaruza, na ni heri mlio ulioukimbia.

Wanaojenga kibodi wengi hutumia Krytox, chapa ya vilainishi. Mafuta ya GPL 105 ni ya springi, na grisi ya 205 daraja 0 ni ya kijiti na waya. Hayali plastiki, hayakauki upesi, na yanahitajika kidogo sana. Chupa ndogo inamaliza kibodi nzima na kubaki. WD-40 usiisogeze hapo. Ina vimumunyisho, na haikutengenezwa kukaa kama kilainishi ndani ya swichi.

Dada_Ilazo:

Asante sana fundi, umenipa mwanga. Nimefanya kama ulivyosema. A, S na E, mlio umehama pamoja na swichi. Kuna D ambayo sikuitaja, nayo vilevile. Bekispesi nimebadilisha swichi na mlio umebaki palepale. Kasha nikiligonga linavuma upande wa kushoto karibu na Esc, upande wa kulia liko kimya.

Sasa nifungue swichi zote au hizo nne tu? Na mafuta nayaweka vipi bila kumwaga?

Fundi_Nkuhungu:

Majibu mazuri, yanaonyesha kila kitu. Kwa springi, fanya zote. Ukifanya nne, masikio yako yataanza kuzisikia nyingine zilizokuwa zimejificha nyuma ya hizo.

Swichi za mtindo wa Cherry MX zinashikwa na vikucha vinne, viwili kila upande. Kuna kifaa chake cha kuzifungulia, lakini bisibisi bapa ndogo inatosha ukiwa na subira. Fanyia kazi juu ya trei nyeupe, feni ikiwa imezimwa, na vijiti usivishike kwa vidole vyenye mafuta. Springi zote ziweke kwenye mfuko mdogo wa plastiki unaofungika, dondoshea matone machache ya 105, jaza hewa, funga, utikise mpaka zing'ae zote sawasawa. Ukiona mafuta yanachuruzika ndani ya mfuko, umezidisha, zifute kwa karatasi laini. Ulimi wa shaba usiuguse kwenye sehemu ya kukutanisha umeme. Ukitaka kupaka kijiti grisi, paka ubavuni kwa brashi ya nyuzi chache, utandu mwembamba ambao huuoni vizuri kwa macho.

Waya wa Bekispesi, tafuta grisi ya silikoni, ile inayopakwa kwenye kofia za plagi za gari. Ulizia maduka ya spea. Hii unaweza kuiweka kwa wingi kwenye kona za waya, pale unapoingia kwenye plastiki, haina madhara.

Kasha liwe la mwisho. Kama kibodi ni ya bila waya, zima, fungua taratibu, uchomoe waya wa betri kabla ya kugusa lolote. Tazama kona ya Esc, utaona mahali alumini ya juu inapokutana na ya chini. Weka hapo vipande vidogo vya tepu nyeusi ya umeme, karibu na skrubu, ili chuma kisigusane na chuma. Watu wengine wanabandika tepu ya karatasi ya wapaka rangi nyuma ya bodi ya saketi, tabaka mbili au tatu. Hiyo inabadilisha sauti iwe nzito zaidi na mimi naipenda, ila springi inayolia itaendelea kulia. Tepu ya karatasi ya aluminiamu usiithubutu, inapitisha umeme.

Dada_Ilazo:

Fundi, Mungu akubariki. Mafuta nimeagiza Dar, yamekuja kwa basi. Springi zote tayari, na rekodi ya jana nimeisikiliza kwa spika za masikioni nikiwa nimefungulia sauti juu kabisa. A, S, D na E zinasema "tok" tu, basi. Bekispesi baada ya grisi imetulia kabisa. Nilidhani nitasikia tofauti ndogo, kumbe ni kama kibodi nyingine.

Kona ya Esc nimeweka tepu, mvumo umepungua lakini nikigonga bado upo kidogo. Nina kipande cha sponji ya godoro, nikijaze ndani?

Fundi_Nkuhungu:

Nimefurahi sana kusikia hivyo, dada. Sponji sawa, lakini ikate iwe nyembamba, ijaze uwazi wa chini bila kusukuma bodi ya saketi kwenda juu. Bodi ikibenuka, baadhi ya swichi zitaacha kushika vizuri na utasumbuka kutafuta chanzo. Funga skrubu kwa kupokezana kona na kona, usizikaze kwa nguvu. Sehemu ya betri iache wazi kabisa, pasiwe na sponji. Na maikrofoni itoe mezani, iweke kwenye mkono wa kuning'iniza, mgongo wake uelekee kwenye vitufe.